Adui wa Kila Sauti

Jogoo ndiye aliyekufa kwanza.

Aliwika asubuhi moja juu ya kibanda cha kuni, na kabla hajamaliza kuwika Kobia alikuwa ameshatoka nje na kaptula ya kulalia. Akamkamata miguu, akambamiza kwenye nguzo ya ua mara kwa mara, mpaka kichwa kikaning'inia kama soksi iliyolowa. Winrose, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na kata ya uji mkononi. Alijua kwamba kusema kungekuwa kuleta sauti nyingine hapo uani.

"Mpike," Kobia akamwambia huku akihema. "Na usitumie ile sufuria ya kifuniko kinachogonga-gonga."

Hakuzaliwa hivyo. Kwa miaka mingi Kobia alikuwa mtu wa pawa, ule msumeno wa injini, na hakuna shamba pande za Ruiri, huko Meru, ambamo hakuwahi kuangusha mti. Mikima, miti mikubwa kuliko kifua cha fahali, ilimlalia miguuni. Tajiri mmoja wa mbao aliwahi kumpa vifuniko vya masikio. Kobia akavitundika kwenye msumari, akacheka. "Hivi ni vya akina mama wanaoshikwa na baridi," akasema, na vijana wa kubeba magogo wakacheka pamoja naye.

Kisha ikaja siku alipozima injini, na injini ikakataa kuzimika kichwani mwake.

Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, kama sindano ya moto inayopita sikio la kushoto, inavuka ubongo na kutokea la kulia, halafu inarudi. Haukupumzika. Alikula nao, alisali nao, alilala nao. Na kulala penyewe kulikuwa kugaragara tu mpaka kukuche. Alijaribu mafuta ya vitunguu saumu. Alijaribu maji ya chumvi. Alipiga magoti mbele ya mchungaji, akashikwa kichwa na kutikiswa hadi shingo ikauma. Siku moja alichukua spoki ya baiskeli na kuisukuma sikioni kwa hasira, damu ikamtiririka mpaka kwenye kola. Mlio haukujali.

Ndipo akajipangia dawa yake mwenyewe. Kelele ndizo zilizouleta, kwa hivyo kimya ndicho kitakachouondoa. Aliipasua redio kwa shoka. Alimvua ng'ombe kengele na kuitupa chooni. Alikwenda kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, akang'oa waya za spika ukutani, na kijana wa kinanda alipomzuia, akamvunja pua. Wazee wa kanisa walimsamehe wakamwomba asirudi.

Nyumbani, neno lililobaki likitamkwa sana lilikuwa "nyamaza." Joyline, binti yao wa darasa la tatu, alikuwa mtoto wa kuimba, alikuwa akiimbia hata viatu akivipiga rangi. Sasa aliomba chumvi kwa kidole. Akikohoa, alikimbilia shambani kukohoa huko, kisha akarudi akinyata.

Winrose alikuwa wa Kanja, upande wa Embu, na dada yake ndiye aliyewatafutia daktari wa masikio huko mjini. Daktari Wamuyu alikuwa binti mdogo kuliko walivyotarajia. Alimpima Kobia kwa mashine zake, akamsikiliza bila kumkatiza, mwishowe akaweka kalamu chini.

"Mzee, sitakudanganya," akasema. "Masikio yako yaliumizwa na ule msumeno. Huo mlio hauko nje, na hakuna kidonge cha kuuzima. Lakini kuna…"

Kobia hakungoja "lakini." Alipitisha mkono juu ya meza, vikombe, mashine na karatasi vikaanguka kwa kishindo. Kiti akakipiga teke kikagonga ukuta. "Nimetoka mbali Meru kuja kuambiwa na mtoto kwamba sitapona!" Akatoka nje na kuketi kwenye ukingo wa barabara, kichwa katikati ya magoti.

Winrose alikaa humo ndani kwa muda. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika.

"Baba Joyline, daktari anasema kimya ndicho…"

"Nyamaza."

"Nisikize hata kidogo tu. Anasema ukitafuta…"

"Nimesema nyamaza, Winrose! Ama nikuache hapa hapa?"

Alijaribu tena nyumbani, siku tofauti tofauti, na kila mara alijibiwa kwa kitu kilichorushwa: kiatu, kiberiti, mara moja jembe zima. Akaacha kujaribu.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Joyline alikuwa akichambua maharagwe mlangoni, jua likimpiga mgongoni, na akasahau. Wimbo ulimtoka tu, mdogo, wa puani. Kobia alikuwa mezani na kikombe cha bati chenye chai. Hakukumbuka kukitupa. Alichokumbuka ni sauti ya bati kwenye mfupa, na maharagwe yakimwagika, na mtoto akiziba mdomo kwa mikono miwili, damu ikimshuka kutoka kwenye nyusi. Hata hapo hakulia kwa sauti. Alijua sheria ya nyumba.

Hilo ndilo lililomvunja Winrose. Si damu, ni ile mikono mdomoni.

"Ninampeleka Kanja," akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu, bila kunong'ona. "Usinifuate. Siku utakayoweza kumsikia mtoto akiimba na ukaketi, utanipigia simu. Kabla ya hapo, hata usijisumbue."

Akamfunga mtoto kitambaa kichwani, akabeba begi moja, na lango likafungwa nyuma yao taratibu.

Sasa Kobia alikuwa na kimya alichokitaka. Hakuna jogoo, hakuna redio, hakuna mke, hakuna mtoto. Akakaa katikati ya hicho kimya kama mfalme, na mlio ukapanda. Ulijaa nyumba. Ulimgonga meno. Alipiga kichwa ukutani hadi simenti ikashika nywele na damu. Alipiga ngumi mlango hadi vifundo vikachunika. Alilia, akajitukana, akalala sakafuni akijishika masikio, na sindano ilikuwa ikipita tu, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto.

Ilikuwa kama siku ya tatu ya hali hiyo, jioni jua likiwa bado juu ya mikima, aliposikia kitu nyuma ya ukuta wa chumba chake.

Chiki-chiki-chiki-shaaa. Chiki-chiki-chiki-shaaa.

Alichungulia dirishani. Ng'ambo ya ua, kwenye shamba la mdogo wake Ishmael, spinkla ilikuwa imesimamishwa hatua chache tu kutoka ukutani kwake, ikirusha maji. Na pale hapakuwa na zao lolote. Kabichi za Ishmael zilikuwa upande wa chini kabisa. Hapa palikuwa majani matupu.

Ananichokoza, Kobia akawaza. Ameona mke ameondoka, sasa ananichezea.

Akachukua panga.

Aliruka ua na kwenda moja kwa moja kwenye mpira wa maji. Ishmael alikuwa akipalilia. Alipomwona alikuja mbio, jembe mkononi.

"Wewe Kobia! Umerukwa na akili? Toka kwa shamba yangu!"

"Zima hiyo kitu!"

"Sizimi! Weka panga chini tuongee kama watu!"

"Unamwagilia nini hapa? Unamwagilia majani? Unamwagilia kichwa yangu?"

Akainua panga juu ya mpira. Ishmael akanyoosha mkono kumzuia, na panga likashuka kwa vyote viwili. Mpira ulipasuka. Mkono wa Ishmael ulifunguka kutoka karibu na kiwiko hadi kwenye kifundo, na kwa kitambo kidogo wote wawili waliutazama, mweupe ndani, kabla damu haijafika. Kisha Ishmael akanguruma na kumpiga Kobia kichwani kwa mpini wa jembe. Kobia akaachia panga, akamrukia, wakaanguka matopeni. Ishmael alimuuma bega. Kobia alimpata shingo. Akamkalia kifuani, vidole gumba viwili juu ya koo la ndugu yake, akabana, na akaendelea kubana, kwa sababu sindano ilikuwa ikipita, na ilionekana wazi kwamba mtu mmoja akinyamaza kabisa, nayo itanyamaza.

Mpira uliopasuka ulikuwa ukijipinda kando yao kama nyoka aliyekatwa. Ukageuka, maji yakamwagika kwa nguvu kwenye shavu la Kobia, kwenye sikio, shaaa, shaaa, maji baridi ya mlimani.

Na mlio ukapotea.

Haukufa. Ulijificha tu nyuma ya maji, kama mtu anayejificha nyuma ya pazia. Lakini kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya injini, kichwa kilikuwa chake. Vidole vyake vikalegea vyenyewe. Aliyasikia maji. Aliisikia pumzi ya Ishmael ikirudi kwa mkwaruzo, na alipotazama chini aliona uso wa mdogo wake ukiwa wa samawati, macho yametoka, na alitambua mikono ile iliyokuwa shingoni ni ya nani.

"Ishmael," akasema. "Ishmael. Mungu wangu."

"Ni mkeo," Ishmael akakohoa. "Ni mkeo aliniomba. Alipita hapa na mtoto amefungwa kichwa. Akasema daktari alisema uwekewe maji karibu. Akasema wewe husikizi mtu."

Kobia akateremka kifuani pake. Alivua shati, akalifunga kwenye mkono ule, akakaza kwa meno. Alikuwa bado anakaza wakati Cicily, mke wa Ishmael, alipofika akipiga mayowe, na majirani nyuma yake na fimbo. Walimpiga. Walimpiga mgongo na mbavu, na yeye hakuachia shati.

"Mwacheni!" Ishmael akasema kwa sauti iliyopasuka. "Tafuteni pikipiki kwanza. Mkono huu ukipona, ndio utamchapa."

Pale zahanatini walimshona Ishmael kwa muda mrefu. Vidole viwili havikukubali kukunjika, na mhudumu alisema huenda visikubali tena. Kobia alikaa kwenye benchi nje, mbavu zikimuuma, mlio ukiwa umesharudi. Cicily alipita mbele yake na kumtemea mate miguuni. Aliyaacha yakauke.

Kesho yake aliunganisha mpira uliokatwa, akaukaza kwa waya, akafungua koki. Alijiuliza kama anastahili kuketi pale. Akaketi. Spinkla ikaanza, chiki-chiki-chiki-shaaa, na sindano ikarudi nyuma kidogo, kisha kidogo tena. Akatoa simu.

"Nimemkata Ishmael," akasema Winrose alipopokea. "Nilimkaba koo. Nilikaribia kumuua."

"Najua. Cicily amenipigia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Unataka nini?"

"Ulitaka kuniambia jambo kule Embu. Niambie sasa."

Winrose akamwambia yote: kwamba kimya ndicho kinachoulisha mlio, kwamba atafute sauti ndogo za kukaa nazo, maji, upepo, redio ya chini, kwamba daktari alikuwa tayari kumfundisha, kwamba ni kazi ya miezi na mlio hautaondoka kabisa. Kobia alisikiliza hadi mwisho.

"Nitarudi kwa daktari," akasema. "Nitamwomba msamaha na kumlipia mashine yake. Kisha nitakwenda kituo cha polisi niseme nilichomfanyia Ishmael. Na wewe usirudi kwa sababu ya hii simu. Ngoja uone."

"Nilikuwa nimeamua kungoja," Winrose akasema.

Nyuma ya sauti yake kulisikika kuku, na mtu akipasua kuni, na katikati ya hayo yote uzi mwembamba wa wimbo wa puani. Ukakatika ghafla. Lazima mtoto alikuwa ameona ni simu ya nani.

Kobia akafumba macho. "Mwambie aimbe."

Simu ilikwaruza. Kisha sauti ya Joyline, karibu sana, ikinong'ona: "Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama."

Mtoto akaanza kwa woga, mstari wa kwanza, wa pili. Mlio ulikuwepo. Maji yaliruka. Kobia alijishika magoti kwa mikono yake miwili, ile iliyovimba vifundo, akaikaza hapo, akabaki ameketi.