Mtunzi Mwenye Siku Mbili za Kuzaliwa

"Rod, hebu njoo uone unachokichapisha huku," Bev aliita kutoka kwenye printa. "Unataka kumaliza karatasi za maktaba?"

Rodney Kemppainen aliinuka mbele ya kompyuta, buti zake zikiwa zimeshaacha kidimbwi cha theluji iliyoyeyuka, akaenda kutazama. Karatasi zilikuwa zimejaa trei, nyingine zimeanza kuteleza sakafuni. Kwake zote zilikuwa sawa: mistari mitano mitano na vidoa vyeusi vyenye vikia. Hata angezishika kichwa chini asingejua.

"Si za piano hizo?"

"Hizi za tuba." Bev Tikkanen, mkutubi wa mji wa Kantola tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alimtazama juu ya miwani. "Lile bomba kubwa la kupuliza. Nani kwenu anapuliza tuba, bwana wee?"

Rod akajikuna kidevu. Maktaba hii aliijua kwa nje tu. Alikuwa dereva wa lori la theluji la kaunti, na kila majira ya baridi alikuja kusafisha uwanja wake wa magari kwa lile jembe la chuma lililofungwa mbele ya lori. Kuingia ndani kutafuta kitu, hii ilikuwa mara ya kwanza.

"Nataka za Lorna," alisema taratibu. "Za mkono mmoja. Wa kushoto."

Bev hakutania tena. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

Hakukuwa na mtu Kantola asiyejua. Lorna, mke wa Rod, alikuwa amewafundisha piano nusu ya wakazi wa mji sebuleni kwake, kisha akawafundisha watoto wao. Na alikuwa na desturi yake: ilipofika siku ya kuzaliwa ya mtunzi yeyote mkubwa wa muziki, hata awe amekufa miaka mia mbili iliyopita, Lorna alitundika picha yake juu ya piano, akaoka pulla, ule mkate wa kusuka wenye iliki aliofundishwa na bibi yake Mfini, na wanafunzi wakaja kupiga kazi za mwenye siku yake. Mishumaa waliizima wao kwa niaba ya marehemu. Rod alisafisha njia, akapiga makofi, akala kipande cha pembeni chenye sukari nyingi.

Kisha mwezi wa kumi kiharusi kikampiga Lorna. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi. Mkono wa kulia ulirudi nusu njia. Uliweza kushika kikombe kitupu. Lorna akawapigia simu wazazi wa wanafunzi mmoja mmoja, akawashukuru. Piano akaifunika kitambaa, na juu yake akapanga vyungu vya maua. Ilipofika siku ya Beethoven katikati ya Desemba, Rod alijaribu kuuliza kama wangeoka mkate.

"Amekufa siku nyingi, Rod," mkewe alimjibu. "Hatakasirika."

Wiki iliyofuata akaiahidi piano kwa kanisa la mji wa pili. Wangekuja kuichukua Jumatatu, tarehe sita Januari.

Rod hakubisha. Piano ilikuwa ya Lorna, aliolewa nayo. Lakini tangu siku ile alikuwa akimwona pale mezani, redio ikipiga muziki, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea ukingoni mwa meza bila mwenyewe kujua. Vilitembea kwa haraka, vikaruka, vikarudi. Rod alivitazama mpaka chai yake ikapoa. Ndipo asubuhi hii ya Jumamosi akajikuta maktaba, anabofya jina la kwanza aliloliona.

"Tuanze upya," Bev alisema. Alimrudisha kwenye ile tovuti, ghala zima la nota za zamani ambazo haki miliki zake zimeshakwisha muda, mtu yeyote akachukua bure. Akaandika maneno mawili matatu. Orodha ikashuka kwenye kioo cha kompyuta, ikazidi kushuka.

"Wote hawa mkono mmoja?"

"Wa kushoto peke yake. Watu wanaumia, Rod. Wengine vitani, wengine kwa mazoezi tu. Huyu hapa Mrusi, Scriabin, aliuharibu mkono wa kulia kwa kupiga piano kupita kiasi, bado mwanafunzi. Akajitungia za kushoto." Bev alisogeza uso karibu na kioo. "Kazaliwa lini huyu? Ah. Krismasi."

"Basi tumemkosa," Rod alisema, akashangaa jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

Bev aliendelea kusoma, midomo ikimchezacheza. "Ngoja kwanza. Krismasi kwa kalenda yao ya kale huko kwao. Kwa kalenda yetu sisi ni Januari sita."

"Keshokutwa."

"Ana siku mbili za kuzaliwa, mjanja huyu. Ukimkosa ya kwanza unamkamata ya pili."

Nota zilitoka safari hii kurasa chache tu. Rod alizitia ndani ya koti, akafunga zipu mpaka shingoni.

Lorna alikuwa jikoni, anaminya kwa mkono wa kulia lile donge la mpira alilopewa na mtaalamu wa viungo. Rod aliziweka karatasi mbele yake, akabaki amesimama. Lorna alizivuta kwa mkono mzima. Macho yake yalikimbia mstari wa kwanza, wa pili, na kidole gumba cha kushoto kikashtuka. Kisha akakikunja.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Umekwenda kumweleza Bev habari za mkono wangu."

"Anazijua. Si alikuletea supu?"

"Supu ni supu." Akazisukuma karatasi. "Unajua hii ni ngumu kiasi gani? Wenye mikono mizima wanaihangaikia mwaka. Mimi nitaipiga kwa kigugumizi kama mtoto wa darasa la kwanza. Na maisha yangu yote nimewaambia watoto wasipige kitu mbele za watu mpaka kiive."

Rod alivua kofia, akaigeuza geuza.

"Mwaka juzi ubawa wa lori ulinivunjikia katikati ya dhoruba," alisema. "Kile kipande cha pembeni kinachopanua njia. Nikabaki na jembe la mbele. Barabara niliifungua, ila nyembamba. Watu walinung'unika, lakini walipita."

"Mimi si lori, Rod."

"Najua."

"Basi ziondoe hapa."

Aliziondoa. Akaenda kuzilaza juu ya piano, kati ya vyungu viwili, kwa kuwa hakuambiwa azipeleke wapi.

Theluji ilianza Jumapili mchana. Ilikuja kutoka ziwani kwa ubavu, bila kelele, na Rod akaitwa kazini kabla hajamaliza chakula. Jumatatu asubuhi alikuwa tena ndani ya lori, akifungua barabara kuu, halafu ya hospitali, halafu ya shule. Barabara ndogo zilikuja mwisho, na ya mwisho kabisa ilikuwa ya Pelto, anayoishi yeye.

Kwenye makutano ya Pelto alikuta gari la kanisa limeegeshwa, taa zinapepesa. Clifford Saari, mzee wa kanisa, alishusha kioo. Pembeni yake alikaa mkwe wake Duane, jitu kubwa lililoijaza nusu ya gari.

"Tumekuja na ile piano, Rod," Clifford alisema. "Yaani kuichukua. Tukufuate nyuma?"

Rod aliitazama barabara ya Pelto, nyeupe, haina hata alama ya sungura. Angeweza kusema anakwenda kwanza kujaza mafuta. Angeweza kusema njoo baada ya chakula cha mchana, na baada ya chakula cha mchana theluji ingekuwa imeongezeka, na Clifford angerudi kwao. Hakuna ambaye angemuuliza. Mkono wake ulikaa juu ya ule mpini wa kushushia jembe.

Lakini kule ndani waliishi watu wengine, na maisha yake yote hakuwahi kuiacha njia imefungwa makusudi. Piano aliitoa Lorna. Barabara ilikuwa ya watu wote.

"Msinisogelee sana," alisema, akashusha jembe.

Njia nzima alikuwa anaziona taa za lile gari kwenye kioo cha pembeni, zenye subira, hazibaki nyuma. Akajiona kama mtu anayewaongoza wezi mpaka mlangoni kwake, ingawa hawa walikuwa watu wema na walikuwa wamealikwa. Alipofika nyumbani akaondoa ukuta wa theluji uliorundikwa na jembe mbele ya lango lao, akapasafisha vizuri, kwa sababu piano ni nzito na mtu anaweza kuteleza. Kisha akazima injini.

Katika ule ukimya unaofuata injini kubwa ikizimwa, alisikia. Sauti nene ilitoka ndani ya nyumba, ikaachwa ivume, na juu yake nyingine nyembamba ikaanza kupanda. Ikakwama. Ikarudi mwanzo, ikapanda tena, ikapita pale ilipokwama.

Clifford alikuwa ameshashuka, mikanda ya kubebea imening'inia begani. "Nani huyo?"

"Lorna."

"Si walisema mkono..."

"Wa kulia," Rod alisema.

Ndani, vyungu vya maua vilikuwa vimepangwa sakafuni kando ya ukuta. Lorna hakugeuka mpaka alipofika mwisho wa mstari.

"Fungeni mlango, baridi inaingia," alisema. "Kaeni. Leo ni siku ya kuzaliwa ya mtu."

Mezani kulikuwa na mkate wenye harufu ya iliki, wa mviringo, umepasuka upande mmoja. "Haukusukika," Lorna aliongeza, bila kumtazama yeyote. "Nimeuacha donge."

Clifford alizungusha macho kutafuta pa kuweka mikanda, mwisho akaisukumia chini ya kiti, kama mtu anayeficha kofia kanisani. Duane aliketi polepole, akihofia kiti. Rod alibaki amesimama mlangoni.

Lorna akapiga ukurasa wa kwanza. Rod hakujua muziki, lakini alijua kila alipokosea, kwa sababu bega lake liliinuka. Mkono wa kushoto ulikwenda chini kabisa kuchukua zile sauti nene, ukaziacha zikilia mguu ukiwa umekanyaga pedali, ukakimbilia juu kuuwahi wimbo kabla haujapoa, ukarudi tena chini, kama mama mmoja anayehudumia meza mbili peke yake siku ya harusi. Mkono wa kulia ulilala pajani. Ukurasa ulipokwisha alisimama hapo hapo, katikati ya jambo.

"Basi. Ukurasa wa pili bado mbichi."

Hakuna aliyepiga makofi. Duane akasema, "Rudia."

Lorna akacheka. Rod hakukumbuka mara ya mwisho kuisikia sauti hiyo. Akarudia, na safari hii ikawa mbaya zaidi, na hakuna aliyejali.

"Clifford," alisema baadaye, akikata mkate kwa ule mkono mmoja huku donge likimkimbia, mpaka Rod akaja kulishika. "Nilikupa neno langu. Nanyi mmefika mpaka hapa na theluji hii. Naomba unirudishie."

"Piano sijaichukua bado."

"Neno. Naomba neno langu. Piano bado naitumia."

Clifford alitafuna taratibu, akameza, akapangusa makombo magotini. "Ile yetu ya zamani ina vitufe vitatu vilivyokufa. Tumezoea kuviruka."

"Nitakuja kuwapigia Jumapili nyingine nyingine. Nami kuna vidole nimezoea kuviruka."

"Basi tufungie huo mkate uliobaki," Clifford alisema, akiinama kuchukua mikanda yake. "Wanawake wa kanisa watatuuliza tumerudi na nini."

Wakaondoka na nusu ya donge ndani ya karatasi. Rod naye akaitwa kwenye redio, akaenda kumalizia mwisho wa barabara.

Aliporudi kabla ya jioni kuingia, Lorna alikuwa bado kwenye benchi la piano, amepakata ile tableti waliyotumiwa na binti yao. Siku zote alikuwa akiitumia kutazama hali ya hewa tu.

"Unajua mlango mliouacha wazi wewe na Bev?" alisema. "Anwani ya hii tovuti imechapwa chini ya zile karatasi, na tangu jana nimo humu. Kuna nota, kuna watu wa kila nchi wanapiga, unawasikiliza bure. Kuna kalenda ya siku za kuzaliwa, karibu kila siku amezaliwa mtu. Kuna wanawake watunzi ambao sijawahi hata kuwasikia, Rod. Mimi, mwalimu mzima. Wote hao sijawaokea kitu."

"Tutahitaji iliki nyingi."

"Mwisho wa mwezi ni Schubert. Na hii nimeipata leo mchana." Akamwonyesha ukurasa wenye vidoa vikubwa, vichache. "Ya mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu anakaa upande wa sauti nene, mwanafunzi upande wa sauti nyembamba, kulia. Kaa."

"Mimi?"

"Kwani unamwona mwingine?"

Rod alikwenda kuosha mikono. Aliisugua mpaka harufu ya dizeli ikapungua, akarudi, akaketi, benchi likalalamika. Lorna alikishika kidole chake cha shahada, kinene, chenye kucha iliyopasuka, akakiweka juu ya kitufe kimoja cheupe.

"Hicho tu. Nikitikisa kichwa, bonyeza. Usiinue mpaka nikuambie."

Akaanza. Rod alikitazama kidevu cha mkewe kama anavyotazama ukingo wa barabara kukiwa na ukungu. Kichwa kikatikisika, naye akabonyeza. Sauti ikatoka, safi, kubwa kuliko alivyotegemea kutoka kwake mwenyewe, na Lorna akaendelea kupita chini yake. Sauti ikawa nyembamba, ikazidi kuwa nyembamba, ikaisha. Lorna alikuwa hajamwambia ainue. Dirishani theluji ilianza tena kushuka, na Rod akakiacha kidole pale pale.