Mashati Arobaini

Bi Mwatum alilimwaga gunia juu ya meza yake ya kushonea, pale Mwanakwerekwe, akahesabu mashati arobaini ya jeshi. Yote aliyashona yeye mwaka juzi, na kila jina lililokuwa kifuani alilidarizi kwa mkono wake kwenye kitambaa, akakishonea hapo.

"Fumua majina," alisema Luteni Nadir. "Nnayataka kesho adhuhuri."

"Yamekosewa?"

"Hayajakosewa. Hayatakiwi Jumatatu."

Jumatatu hiyo mdogo wake, Rukaiya, na wenziwe wakulima wa mwani wa Paje wangekuja mjini kuketi mbele ya ofisi ya ardhi. Ufukwe wao ulikuwa umezungushiwa ua wa hoteli.

"Mashine yangu mbovu, afande."

"Kufumua kunataka mashine?"

Kibanda chake kilisimama kwa kibali cha mtu huyu, na wote wawili walilijua hilo.

"Basi kila jina nitalitia mfukoni mwa shati lake, yasije yakachanganyika."

"Tia utakapo. Yasionekane tu."

Luteni alitoka. Koplo Kurwa, aliyelibeba gunia, alijikokota nyuma.

"Nisamehe, Bi Mwatum. Mimi n'naamrishwa tu."

"Rukaiya atakuwepo. Si unamjua?"

"Namjua. Nshakula kwake." Koplo aliangalia viatu vyake, kisha akamfuata mkubwa wake.

Bi Mwatum alimpigia simu mdogo wake papo hapo. "Msije," alimwambia.

"Gari tushakodi, dada. Nikae nyumbani nifanye nini, na mwani sina pa kuupanda? Na hao askari nao wana mama zao."

Alifumua mpaka macho yakamuuma. Jua lilikuwa limeyapausha mashati, kwa hiyo kila jina lilipotoka palibaki kipande cha kijani kilichokolea. Na mfukoni hakulitupa tu jina. Alilishikiza kwa uzi, herufi zake zikiwa juu, penye vidole. Mtu akitia mkono aliguse jina lake, alijiambia. Huenda akasita. Lilikuwa tumaini la kuchekesha, naye alilijua, lakini hakuwa na jengine.

Jumatatu saa nne asubuhi wateja waliacha kuzungumza, wakageuza vichwa upande wa mjini. Milio ya risasi haikuchukua muda mrefu.

Alhamisi gunia lilirudi. Safari hii alilibeba askari mwingine. Rukaiya alikuwa bado amelazwa, na daktari hakutaka kusema kama mguu utabaki.

"Rudisha majina," alisema Luteni Nadir. "Nchi imetulia."

Mashati yalikuwa yamefuliwa, hayajakauka vizuri. Bi Mwatum alitia mkono mfuko mmoja baada ya mwingine. Machano. Jaku. Tahir. Yalitoka majina thelathini na tisa. Katika shati la mwisho vidole vyake vilikuta nyuzi tu, zimekatwa kwa meno. Aliyapitia majina upya, taratibu, akiomba awe amekosea. La Kurwa halikuwamo.

"Hili halina jina, afande."

Luteni alilitazama shati, kisha akamtazama yeye. Hakuuliza ni la nani.

"Liache hivyo hivyo," alisema. "Huyo hakusita. Tutamhitaji tena."

Akavuta kigoda cha wateja, akaketi kumsubiri amalize mengine.