Mashua Isiyoshika Rangi

Mal-sun alipaka rangi ubavuni mwa mashua yake mpya tena, na kama ilivyokuwa asubuhi, rangi ilikauka ikabanduka kama utando wa uji.

"Dada, bado unaliogesha beseni lako?" jirani yake Geum-rye alimtania akipita gatini na kapu la mwani.

"Cheka tu! Siku tulipolitambikia kwa kichwa cha nguruwe ili liwe na bahati baharini, nani aliyemaliza masikio?"

Gati zima la kisiwani Wando lilikuwa na mashua za faibaglasi. Mal-sun peke yake ndiye aliyechagua plastiki, na hakuichagua kwa mbwembwe. Mumewe, Deok-su, alikuwa amezeeka akiziba nyufa za faibaglasi na kuzisugua kwa mashine ya msasa, mpaka lile vumbi jeupe likamkaa kifuani. Daktari alimkataza kabisa kulisogelea. Plastiki haipasuki ovyo, wala haihitaji msasa.

Mkaguzi Bang alifika adhuhuri, akaizunguka mashua.

"Namba ya usajili iko wapi, mama?"

"Hiyo hapo. Nimeichoma kwa chuma cha moto. Isugue utakavyo, haitoki."

"Kanuni inasema namba ipakwe rangi."

"Plastiki haishiki rangi, mwanangu. Angalia mwenyewe."

"Naona. Lakini kanuni ni hiyo. Bila rangi sikupi kibali cha kwenda baharini."

"Na konokono wangu wa kufuga? Wako vizimbani huko baharini, hawajapelekewa mwani, na joto lote hili! Wakifa, tutakula nini?"

Bang alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mal-sun zaidi. "Si mnayo ile ya zamani? Kibali chake bado hakijaisha."

"Ile inavuja!"

"Izibeni. Mkimaliza niiteni niikague, mtoke leo hii. Mimi nasubiri hapa."

Mal-sun alitamani kumrushia kopo la rangi. Mashua nzima ilikatazwa, mbovu ikaruhusiwa, na aliyesema hayo alikuwa na muhuri mfukoni.

Nyuma yake alisikia kikohozi. Deok-su alikuwa amekwisha kuitoa mashine ya msasa bandani, barakoa iko usoni.

"We mzee, una wazimu?"

"Ufa wenyewe mdogo. Dakika chache tu."

"Ndivyo ulivyokuwa ukisema miaka yote!"

"Sasa nani atafanya? Konokono hawali maneno."

Mal-sun alimtazama. Alitaka kulia, lakini hasira ilikuwa imeziba njia. Akamvua barakoa, akaivaa mwenyewe. Ilikuwa bado na joto la pumzi yake.

"Kaa kule, upepo unakotoka. Kifua chako kimeshaumia vya kutosha," alisema. "Sasa ni zamu ya changu."

Akainama juu ya mashua kuukuu, akawasha mashine. Vumbi jeupe likatimka gatini, na Bwana Bang akaingia garini, akapandisha vioo.