Mwalimu Katupwa Majini

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye chaki mfukoni.

Nilikuwa nimepiga marufuku Kiswahili katika darasa langu la chekechea hapa Mbwera. Asubuhi hiyo tulikuwa tunavuka kwa mtumbwi kwenda shule, mimi, watoto, na Nasma, mama yake Mwanawetu. Nasma ni Mndengereko, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Makabila yetu ni watani, kwa hiyo hakunionea haya.

"Mtani, mwanangu nyumbani hafungi mdomo, kwako amekuwa bubu. Mwache aseme kwanza kwa lugha anayoijua, ndipo umpe hicho Kiingereza. La sivyo, kesho simleti."

"Kiingereza ni kama kuogelea, mtani! Mtoto unamtupa majini, anaogelea mwenyewe."

Nikasimama nimwonyeshe jinsi mtoto anavyotupwa. Sisi watu wa bara nani alitufundisha kwamba mtumbwini hakusimamwi? Chombo kikayumba, nami chubwi! Maji yalinifika kifuani tu, lakini nilipiga ukelele hadi ndege wakahama mikoko: "Mayo wane! Mayo wane!"

Watoto walicheka mpaka wakashikana. Mwanawetu, bubu wangu, akapayuka, "Ticha kaanguka!"

"Sema kwa Kiingereza!" nikamkemea, huku tope linanitoka puani.

Nasma akaninyooshea kafi nishike.

"Mtani, wewe na ndevu zako umetupwa majini, umemwita mama yako kwa Kinyamwezi. Huyu wangu wa miaka mitano ndiye unataka azame kwa Kiingereza?"