Mstari wa Bega la Kushoto

Mume wangu alistaafu kusoma mita za maji mwezi wa tatu, na mwezi wa nne akawa msanii. Hakupitia katikati. Miaka thelathini na moja alikuwa akiinama kwenye mashimo ya watu, anaandika tarakimu, anainuka, anakwenda shimo linalofuata. Kisha siku moja akaja kukaa mbele yangu na kuniambia kwamba ndani yake kuna kitu kinataka kutoka. Nikamwambia choo kiko palepale kilipokuwa siku zote.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kiwanda changu: cherehani mbili, kioo, pazia la kubadilishia nguo, rafu ya karatasi za kukatia nguo, na meza ambayo mtu mzima anaweza kulala akanyoosha miguu. Meza hiyo ndiyo iliyosomesha watoto. Basi msanii akaitaka nusu yake, upande wa dirishani, eti kwa ajili ya mwanga.

Alianza na penseli. Mwezi mzima alichora birika letu, na mwezi mzima birika lilitoka na mdomo uliovimba kama limeng'atwa na nyuki. Kila alipokosea alifuta, na kila alipofuta alitoboa karatasi. Penseli ilipomshinda akasema tatizo ni penseli, akaingia kwenye mkaa. Siku ya tatu ya mkaa, gauni la bibi harusi lilikuwa na alama za vidole vinne na dole gumba mgongoni. Nililifua mara tatu huku nikimtukana, kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti. Akahamia rangi za maji. Zilikwenda kila mahali isipokuwa pale alipozitaka. Mtu kahesabu maji ya watu miaka thelathini na moja, na kikombe kimoja cha maji hakimtii! Zikaja rangi za mafuta, nyumba nzima ikanuka gereji. Ukaja wino. Zikaja chaki za rangi.

Na kila kazi aliitia sahihi. Hilo ndilo lililonikata maini. Birika lenye uvimbe, sahihi. Chungwa lililofanana na kiazi, sahihi na tarehe. Sahihi yenyewe ilikuwa na mkia mrefu, na nasema kwa haki kabisa kwamba mkia ule ndio ulikuwa mstari wake bora.

"Mama watoto, unaionaje hii?" aliniuliza siku moja, ameinyanyua juu ya kichwa.

"Naona karatasi iliyokuwa safi."

"Basi niambie kilichoharibika."

"Huna mstari, baba. Mstari wako mwoga. Unatoka hapa, unasimama njiani, unauliza njia. Huna hata mmoja wa kumfanya mtu ageuke autazame mara ya pili."

Alifuta mikono kwenye shati, akarudi dirishani. Kusema kweli niliridhika, chai ya jioni hiyo niliinywa kwa raha.

Nilijiona nina haki. Mimi nachora kila siku ya Mungu. Anakuja mtu, nampima, namwangalia anavyosimama asipojua anaangaliwa, halafu nashika chaki na kushusha mstari kutoka shingoni hadi kiunoni, bila rula, bila kufuta. Kisha mkasi unapita juu yake na kilichobaki kinapanguswa. Hakuna aliyewahi kusema fundi anachora. Husema fundi anashona, na mara nyingi zaidi husema fundi kachelewesha.

Mstari mgumu kuliko yote niliyowahi kuchora ni wa Mwalimu Mkuu. Anaongoza shule ya wasichana, mtaa wa pili kutoka kwetu. Kila asubuhi husimama mbele ya wanafunzi mia sita, na wote wanaona mwanamke aliyenyooka. Wanachokiona ni gauni langu. Chini ya gauni, bega lake la kushoto limepanda karibu na sikio na mgongo umejipinda, tangu utotoni. Miaka kumi na miwili iliyopita aliingia kwangu, akavuta pazia mwenyewe, akavua, akasema, "Fundi, sijawahi kuvua nguo mbele ya mtu asiye daktari. Ukiliweza hili, nitakuja kwako mpaka nife. Usipoliweza, hatujaonana."

Nilihangaika wiki mbili. Nilichora kwa kalamu, nikachana karatasi nne. Ya tano ikakubali: mstari unapanda bega, unapumzika kidogo, kisha unateremka upande wa pili kwa namna ambayo jicho linaufuata na kusahau ulikotoka. Kila gauni lake limetoka kwenye karatasi ile. Sikuandika jina juu yake. Niliiviringisha, nikaifunga kwa utepe mweusi, nikaiweka juu kabisa ya rafu.

Msanii, kwa wakati huu, alikuwa amejiunga na darasa la uchoraji la Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Mwalimu wao nilimwita Kofia, maana hakuna binadamu aliyewahi kuuona utosi wake. Kofia akatangaza maonyesho: kila mwanafunzi alete kazi moja, achanganye vifaa vyovyote apendavyo. Mume wangu akajifungia stoo. Nilipouliza anachora nini, alisema nitaona.

Nami nikafanya langu. Kila mteja aliyeingia wiki ile nilimkaribisha maonyesho. "Njooni mcheke kidogo, mjionee birika linaloumwa jino." Niliwaigizia anavyosimama na brashi, jicho moja amelifumba, ulimi nje. Mwalimu Mkuu alipokuja kuchukua gauni lake jipya la kijani, naye nikamkaribisha. Alicheka hadi akashika meza. Alisema atakuja, na atakuja na lilelile la kijani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na machweo matatu ukutani, yote yamepasuka kama mayai. Karani mmoja wa benki alikuwa amechora paka, au mto wa kulalia, sikutaka kumuuliza. Kijana wa duka la dawa alikuwa amechora mama yake, na kama nilivyomwona mama mwenyewe amesimama pembeni, alikuwa na kesi ya kufungua. Nilikuwa nimekwenda kucheka, na nilicheka.

Halafu nikaona watu wamejazana mwisho wa ukumbi. Nikapenya.

Karatasi ya kaki, imebanwa kwa pini kwenye ubao. Mkaa umepakwa pembeni kama moshi, rangi ya maji ya bluu imemwagwa chini. Katikati pameachwa wazi, na pale wazi palikuwa na mstari wangu wa kalamu nyeusi. Bega. Pumziko. Mteremko. Kwenye kona ya chini, sahihi yenye mkia.

Kofia alikuwa akihubiri. "Tazameni mstari huu. Haukusita hata mahali pamoja. Huu ni mkono uliochora maisha yote! Ndugu yetu alikuwa akituficha."

Mume wangu alisimama pembeni akiangalia viatu vyake. Nikaelewa kwamba aliichukua siku niliyokwenda kununua uzi. Ya nani, hakujua. Kwake ilikuwa karatasi ya juu ya rafu, isiyo na jina, ambayo sikuwahi kuishika mbele yake.

Nilipaswa kubandua pini zile na kuondoka na karatasi yangu. Mtu mwenye akili zake angefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeyasikia yale maneno, mkono uliochora maisha yote. Nimeyangoja tangu nikiwa msichana wa kupiga pasi kwa fundi mwingine, na sasa yalikuwa yanamwangukia mtu wa birika. Nikapaza sauti.

"Huo mstari ni wangu!"

Watu wakageuka.

"Huyu hawezi kuchora hata kifuniko cha sufuria. Hiyo ni karatasi yangu ya kukatia nguo. Nimeichora mimi kwa mkono huu, bila rula. Ni mgongo wa gauni."

Kofia akanitazama upya, na nakiri, nilipenda alivyonitazama. "Shemeji, mstari huu ni wa kubuni," akasema. "Hakuna mtu mwenye mgongo wa namna hii."

"Yupo. Nimemshonea miaka kumi na miwili, mnapishana naye kila siku, na hakuna hata mmoja wenu aliyegundua. Huo ndio ufundi!"

Mtu akacheka nyuma yangu. "Kumbe mtaani kwetu kuna kibiongo?" Mwingine akauliza, "Tunamjua?" Vichwa vikaanza kuzunguka ukumbini, polepole, vikikagua mabega.

Ndipo nikaliona gauni la kijani. Lilikuwa karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi. Mwalimu Mkuu alikuwa akiitazama karatasi. Uso wake haukubadilika, ni mtu aliyezoea kutazamwa. Ila bega lile, ambalo mimi peke yangu nilijua liko wapi, niliona linajikunja ndani ya kitambaa. Nilitamani sakafu inimeze.

Mume wangu alifuata macho yangu. Aliliona gauni, akauona uso wangu. Mtu huyu, ambaye hakuwahi kuliona birika sawasawa kwa mwezi mzima, safari hii aliona. Akasogea katikati ya watu.

"Mke wangu ana hasira na mimi, na ana haki," akasema kwa sauti. "Karatasi ni yake, nimeichukua bila kuuliza. Lakini hakuna mtu wa hivyo. Lilikuwa gauni la kawaida tu, mimi ndiye niliyelipindisha nilipokuwa nalipitia na kalamu. Mkono wangu unatetemeka. Hata birika linajua."

Watu wakacheka. Kofia akakohoa, akaenda kusifu paka. Nilipotazama tena mlangoni, kikombe kilikuwa juu ya kiti na chai haikuwa imeguswa.

Jumatatu, saa nne, Mwalimu Mkuu aliingia kwangu. Alivaa gauni la dukani, lililokatwa kwa ajili ya mtu yeyote. Upande wa kushoto ulikuwa umepanda, pindo limekwenda mshazari, shingo imevutwa. Bega lilisimama wazi mbele ya mtaa mzima. Alikuwa amesimama hivyohivyo asubuhi ile, mbele ya wasichana mia sita.

"Mwalimu, nisamehe, mimi..."

"Naomba karatasi yangu."

Nikamletea, nimeshaifunga tena kwa utepe wake. Aliikunjua, akaitazama, mkaa ukamchafua vidole. Nilimpa kitambaa, hakukipokea.

"Ulinialika nije nimcheke mumeo," akasema.

"Ndiyo."

"Kuchora hajui, ni kweli. Lakini ningejua mapema, siri yangu ningempa yeye."

Akaiviringisha, akaifunga kwa utepe wake mweusi, akatoka. Nilimtazama akivuka barabara, lile gauni linamvuta kushoto kila hatua. Kabla hajafika ng'ambo nilikuta mkono wangu umeshika chaki na unachora mezani: upana wa vidole viwili wa kuongeza begani, pumziko, mteremko. Ulitoka wote kwa mara moja.

Mume wangu alikuwa upande wa dirishani akikanda udongo, maana sasa amehamia udongo. Aliutazama ule mstari kwa muda mrefu.

"Mzuri," akasema.

Nikaupangusa kwa kiganja, nikamwambia asogeze uchafu wake, nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote.