Kufikiri kwa Sauti

Yusta alirudi shule ya sekondari ya Magoma kwa utafiti wake amenuna, na haki ya kununa alikuwa nayo. Dodoso lake lilionyesha kwamba kidato cha tatu kizima hujifunza maneno ya Kiingereza kwa kufungua kamusi kila siku. Shule yenyewe ilikuwa na kamusi moja, tena imefungiwa kabatini kwa mkuu wa shule isije ikachakaa. Msimamizi wake, Dokta Castory, hakumung'unya maneno: alete ukweli, la sivyo shahada ya uzamili aisahau.

Safari hii alikuja na njia nyingine. Mwanafunzi angesoma kifungu cha Kiingereza huku akisema kwa sauti kila linalompitia kichwani, na simu ikirekodi. Akapewa Hajira, binti wa Kizigua aliyefunzwa kwamba mbele ya mkubwa mawazo humezwa. Kwa muda mrefu simu ilirekodi kuku wa mwalimu wa zamu. Yusta akamwapia kuwa hakuna adhabu, aseme tu, hata upuuzi.

"Neno hili silijui," Hajira akaanza. "Namtazama madamu. Nasema ni ugonjwa. Kakunja midomo, basi siyo. Nasema ni shamba. Nyusi zimepanda, nakaribia."

Kumbe kamusi yao ndiyo hiyo, uso wa mwalimu! Yusta aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Akageuza kiti, akatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Madamu kaficha uso," Hajira akaendelea kwa utii uleule. "Natazama mabega. Nasema ni zizi. Yameshuka, basi siyo."

Yusta akanyanyuka, akaiacha simu mezani, akatoka. Alisimama juani nyuma ya choo cha walimu, akiwaza kwamba uzamili wake ndio unakata roho hivyo, na alitaka kulia.

Wiki iliyofuata, Dokta Castory aliisikiliza rekodi hiyo hadi mwisho. Walisikika kuku, mlango ukafungwa, kisha mtu akashusha pumzi.

"Katoka. Afadhali, sasa naweza kufikiri. Neno naliruka, nasoma mbele. Kuna ukame. Kuna ng'ombe wanahamishwa. Kwa bibi Handeni ukame ukija ng'ombe hufuata majani. Basi ni malisho. Narudi nyuma, naliweka malisho, linakaa."

Dokta akairudisha, akaisikiliza tena, akasema sura ya matokeo ianzie hapo. Kisha akauliza mtafiti alikuwa wapi wakati huo.

"Nyuma ya choo," Yusta akasema, "na nitaandika hivyo kwenye sura ya mbinu."