Udongo Safi

Watu wa Oldeani wakikwambia kwamba Hhando ndiye aliyeharibu kesi ya ghala la dawa, usibishane nao. Hhando ni mimi, na kweli niliiharibu. Ghala lenyewe bado lipo palepale.

Mwaka 1984 kibarua mwenzetu kutoka Singida, Mama Ignas, alimzika mwanawe. Ignas alianza kwa kutapika, akamalizia kwa kutetemeka. Haukupita mwezi, mdogo wake Domitila naye akaanza kutapika. Juu ya kambi yetu palikuwa na ghala la dawa za kupulizia kahawa, na mapipa yake yalivuja hadi nyasi zikaungua. Mama Ignas aliandika barua serikalini Arusha mara tatu. Alitaka jambo moja tu: ghala lihamishwe kabla Domitila hajamfuata kaka yake. Meneja wa shamba la kahawa alisema watoto wa vibarua huuawa na uchafu wa mama zao. Namchukia hadi leo.

Hatimaye akaja Ndugu Hilari, mtaalamu wa udongo aliyetumwa kupima sumu, nami nikapewa kazi ya kuzungusha keekee yake, chuma kirefu cha kutobolea ardhi chenye mpini wa kushika kwa mikono miwili. Hilari alikuwa mtu wa utaratibu kama padri altareni. Fyeka nyasi. Tupa udongo wa juu. Zungusha mpaka kwenye alama, vuta, chukua udongo wa katikati usioguswa na chuma. Osha keekee kwa sabuni na maji aliyokuja nayo mwenyewe, ifute, ndipo uende shimo jingine. Namba ya shimo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino hufutika ukilowa.

"Tunaanzia pasafi, tunaishia pachafu," aliniambia. "Shimo la kwanza ni kule juu ukingoni mwa msitu, ambako dawa haijafika. Hilo ndilo shahidi wetu. Likiharibika, yale tisa ya ghalani hayatusaidii kitu."

Tulipotoboa hilo la kwanza, Hilari aliteremka kupigilia vigingi ghalani, akaniachia mfuko mmoja nimalizie. Mwiba ukauchana. Wingu lilikuwa limeshatanda, na udongo umenijaa viganjani. Mama Ignas alikuwa ametuletea uji kwenye kopo kubwa la bati. Hilari hakuugusa, mimi niliumaliza. Mama Ignas alipoona nimekwama, alilipeleka kopo kijitoni, akalisugua kwa majivu na mchanga, akalikausha kwa kanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kwetu sisi, chombo unachopewa na mama aliyefiwa hukikatai. Na hata ningekataa, ningepata wapi kisafi kuliko kile?

Nilipofika kwenye gari la Hilari niliutoa udongo koponi, nikautia kwenye mfuko mpya, nikaandika kwa penseli: Shimo la 1. Hilari hakuuliza, nami sikusema. Niliona aibu kwa ajili ya mfuko uliochanika.

Majibu yalikuja baada ya miezi minne. Meneja aliyasoma mwenyewe asubuhi tulipopanga mstari, huku akitabasamu. Udongo wa ukingo wa msitu, mahali pasafi, ulikutwa na sumu ileile, karibu sawa na mashimo ya ghalani. Kwa hiyo haikuweza kusemwa kwamba sumu inatoka ghalani. Shauri limefungwa.

Jumapili yake, baada ya ibada, nilikwenda kumpa pole Mama Ignas. Domitila alikuwa amekaa kizingitini, amebaki macho na mifupa, anakunywa uji. Anakunywa kwenye kopo lilelile.

Nilimwuliza Mama Ignas kopo lile alilitoa wapi. Akashangaa, kwani mimi sikupata? Mtunza ghala aliyagawa makopo matupu ya ghalani sikukuu ya Noeli ya 1983, kila nyumba moja, na mwaka ule dukani hata kikombe hukuti. Lake lilikuwa na picha ya fuvu ubavuni, akalisugua siku mbili mpaka likafutika. Nikakumbuka la kwangu, lile mke wangu analotekea maji.

Nilimnyang'anya mtoto kopo, nikamwaga uji. Kisha nikamwambia mama yake yote: mfuko uliochanika, na namba niliyoiandika nikanyamaza. "Udongo ulikuwa safi, Mama Ignas. Sumu ilikuwa kwenye kopo."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alilichukua kopo mkononi mwangu.

"Uji wa Ignas nilikuwa nauweka humo," akasema. "Alikuwa anaukataa, kaka Hhando. Anasema ni mchungu. Nilikuwa namchapa ili aunywe."